Mwalo Usio na Visu

Gluu! Kisha kimya. Kisha, pwaa!

Mzee Kashindye aliacha kupiga kafi, akatega sikio. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya ziwa, mzito kama uji, hata pua ya mtumbwi wake mwenyewe aliiona kwa shida. Sauti ilitoka mbele, kushoto kidogo. Gluu! Kimya. Akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Pwaa!

Alipoitambua, vinyweleo vya mikono vilimsimama. Lilikuwa dumu lake, dumu tupu la lita ishirini alilolifunga kama boya mwisho wa kamba yake ya ndoano. Kitu fulani huko chini kilikuwa kinalivuta linazama lote, kisha linaponyoka na kuruka juu. Sangara wa kilo ishirini hulitikisa dumu kama hilo. Wa kilo hamsini hulilaza ubavu. Huyu alikuwa analimeza.

Kashindye alikuwa na miaka sitini na minane, na hamsini kati ya hiyo aliila humu ziwani. Sauti hiyo alikuwa hajawahi kuisikia. Akili yake ilimwambia geuza mtumbwi, rudi ufukweni, tafuta watu wawili wenye mikono mipya. Lakini kurudi kulikuwa na maana ya kumpa Elias cha kusema mpaka Krismasi.

Elias alikuwa mwenzake wa siku zote, Mkerewe mwenye mdomo usiojua kupumzika. Juzi alivuka kwenda Sengerema kutibiwa macho, na kabla ya kupanda feri alimshika Kashindye bega.

"Siku nne tu, Msukuma. Kaa nyumbani uchunge ng'ombe ambao huna. Usiingie majini peke yako."

"Nilianza kuvua wewe ukiwa hujui kuogelea."

"Nimezaliwa kisiwani, mzee! Mimi niliogelea kabla ya kutambaa. Nyie maji mnayajua ya kwenye kata ya kunywea."

Basi kwa sababu ya maneno hayo, jana alasiri Kashindye aliitega kamba peke yake. Aliichagua fupi, ya ndoano sitini. Kila ndoano ilining'inia kwa kikamba chake chenye urefu wa mkono, na kila kikamba kilifungwa kwenye kamba kubwa. Chambo kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe. Kazi ya kutega ilimwendea vizuri. Kazi ya kuvuta ndiyo hii ilikuwa inamngoja kwenye ukungu, inameza na kutema.

Alikaza meno machache aliyobakiwa nayo, akapiga kafi kuifuata sauti.

Dumu liliibuka karibu na ubavu wa mtumbwi, likatulia kana kwamba halijafanya lolote. Kashindye alilinyakua, akalitupa miguuni, akaanza kuvuta. Kamba ilikuja nyepesi. Ndoano ya kwanza ilikuwa tupu, akaining'iniza kwenye ukingo wa mtumbwi ili isijisokote na nyingine. Ya pili tupu. Ya tatu ilikuwa na kichwa cha furu kilichotafunwa. Akazidi kuvuta, mkono huu, mkono ule, na ndoano zikajipanga ukingoni moja baada ya nyingine mpaka zikafika kumi na moja.

Hapo kamba ikagoma.

Ilikuwa nzito kama imenasa kwenye jiwe. Kashindye aliivuta taratibu, akiisikiliza kwa viganja. Jiwe likasogea. Lilisogea polepole upande wa kulia, halafu likarudi kushoto, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Taratibu, baba," alimwambia yule wa chini. "Taratibu. Mimi ni mzee na wewe ni mzee."

Samaki alizama.

Kamba ilimchomoka viganjani ikiwa moto. Ndoano zilizokuwa ukingoni ziling'oka na kurudi majini, ta, ta, ta, ta, na Kashindye, kwa ujinga wa mikono iliyozoea kazi, akaishika tena kamba badala ya kuiacha iende. Ndoano ya mwisho ilipita ikielekea majini. Haikufika. Ilizama kwenye nyama ya kiganja chake cha kulia, chini ya dole gumba, ikapita ndani, na ncha yake ikachungulia upande wa pili karibu na kifundo.

Kwanza haikuuma. Aliitazama tu kama kitu cha mtu mwingine. Kisha kamba ikakazwa na yule aliyekuwa chini, mkono ukavutwa mpaka ukingoni, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, na Kashindye akapiga kelele ambayo hakujua kama anayo.

Sasa yeye na samaki walikuwa kwenye kamba moja. Mmoja huku, mwingine kule.

Mvuvi mwingine yeyote, wa mwalo mwingine wowote wa kushushia samaki kuanzia Kirumba mpaka Musoma, angechomoa kisu na kukata. Kashindye hakuwa na kisu. Hakuwa nacho kwa sababu sheria ilikataza, na sheria aliiandika yeye.

Chanzo chake kilikuwa bondo, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, ambacho siku hizi wanunuzi wanakikimbilia kuliko minofu. Vibarua wa mitumbwi ya watu walianza kupasua samaki hukohuko ziwani, wakichomoa bondo na kulificha kwenye soksi, kisha samaki anafika mzanini tumbo likiwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Wenye mitumbwi wakalia. Kashindye, mwenyekiti wa kamati ya mwalo wa Nyabusalu, akaandika kwa kalamu nene na kubandika kwenye ukuta wa ofisi: HAKUNA KISU ZIWANI. Tajiri asiwe nacho, kibarua asiwe nacho, mwenyekiti asiwe nacho. Kila mtumbwi ulikaguliwa kabla ya kuondoka.

"Na kamba ikimng'ang'ania mtu?" Elias aliuliza siku ile mbele ya mkutano.

"Mvuvi anayeogopa kamba yake akauze vocha," Kashindye alijibu, na watu wakacheka, naye akafurahi kwamba wamecheka.

Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Malimi, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtumbwi wake na mashine ndogo. Kisu kilikutwa chini ya ubao wa kukalia. Walipekua mtumbwi mzima wakitafuta bondo, hawakupata hata harufu yake. Malimi alisema kisu ni cha kukatia kamba, alikirithi kwa baba yake. Lakini watu walikuwa wamejaa, na Kashindye alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, na maneno yakamtoka kabla hajayapima: "Mwizi wa bondo ndiye huyu!" Kisu kikafungiwa kwenye sanduku la ofisi. Malimi akafungiwa asiingie ziwani mwezi mzima.

Mwezi uliisha. Jina halikuisha. Hakuna aliyekubali tena kuvua naye, na tangu siku ile Malimi akipishana na Kashindye njiani hamwamkii. Anapita kama anapita mti.

Kashindye aliyakumbuka hayo yote kwa pigo moja, jinsi mtu anavyokumbuka akiwa anaanguka. Alipiga magoti kwenye maji yaliyokuwa yameingia, kifua kwenye ukingo, mkono wa kulia ukiwa nje umenyooka. Kwa mkono wa kushoto aliizungusha kamba kwenye ngumi ili uzito ugawanyike. Mtumbwi ulikuwa unakwenda. Hakuna aliyepiga kafi, hakuna upepo, lakini maji yalikuwa yanapasuka mbele kwa sauti ndogo, shii, shii. Samaki alikuwa anawakokota, na Kashindye hakujua anakokotwa wapi, kwa maana kila upande ulikuwa mweupe.

Yule wa chini alipolegeza kidogo, Kashindye alijaribu kuvuta kamba kwa mkono mmoja na meno ili aizungushe kwenye kijiti cha kuwekea kasia. Alifanikiwa mzunguko mmoja. Kijiti kikalia kaa! kikavunjika, na mkono ukarudi nje kwa nguvu hata akaona vimulimuli.

Akajaribu kuitafuna kamba. Meno yake ya mbele yalikwisha zamani, yale ya pembeni hayakukutana. Nailoni iliteleza kwenye fizi kama mlenda.

Simu ilikuwa kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki ulioning'inia shingoni. Aliichomoa kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa dole gumba juu ya plastiki, mara nne ikakataa, mara ya tano ikaita. Jina la juu kabisa lilikuwa la Elias.

"Nani?" Sauti ya Elias ilikuwa ya mtu aliyelala chali. "Sema jina, wamenifunga macho huku kama ndama wa kuchinjwa."

"Mimi."

"Mimi mko wengi. Kuna mimi wa kanisani na mimi wa kilabuni."

"Elias, ndoano imenishika mkono."

"Pole. Itoe, paka chumvi, acha kulia."

"Samaki yuko upande wa pili."

Kwa mbali ilisikika sauti ya gurudumu la kitanda likisukumwa kwenye sakafu.

"Mkubwa?"

"Alikuwa anameza dumu."

"Kata kamba."

Kashindye alitazama chini ya ubao wa kukalia, palikuwa na maji matupu.

"Wewe mzee, kata kamba, usiniletee ushujaa asubuhi yote hii. Chukua kisu..." Elias alinyamaza katikati ya neno. Kwa muda wa pumzi mbili Kashindye alisikia tu wodi, watu wakikohoa. Elias aliporudi, utani wote ulikuwa umemtoka. "Kashindye. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Uko wapi?"

"Nilitega nyuma ya Mawe ya Yange. Lakini sasa sijui. Ananivuta, Elias. Ukungu..."

Samaki alizama tena. Mtumbwi uliinama mpaka ziwa likachungulia ndani, na Kashindye, ili asitumbukie, alishika ukingo kwa mkono wa kushoto. Simu ikateleza, ikagonga ubao, ikaingia majini. Kwa sekunde chache aliuona mwanga wake ukishuka, wa buluu, ukizidi kuwa mdogo. Elias bado alikuwa anaongea mle ndani, pengine.

Sasa woga ulikuja wenyewe, bila kupiga hodi.

Katika ujana wake aliwahi kuogopa radi, aliwahi kuogopa viboko, aliwahi kuogopa dhoruba iliyowachukua watu sita wa Igombe mbele ya macho yake. Woga wa siku hizo ulikuwa na miguu, ulimfanya apige kafi, aruke, apige kelele. Huu wa leo haukuwa na pa kwenda. Aliutazama mkono wake. Damu ilikuwa inashuka kwenye kamba, inaingia majini kwa uzi mwembamba, na akawaza mamba wanaolala kwenye mawe, halafu akajikataza kuwaza. Akawaza ni nani atakayeupata mwili wake. Akawaza kwamba watamkuta hana kisu, na watasema mwenyekiti aliishika sheria mpaka mwisho, na labda watamsifu kaburini, na sifa hiyo ikamtia kichefuchefu.

"Mayu!" aliita. Mama yake alikuwa amekufa miaka thelathini na mbili iliyopita. "Mayu wee!"

Maji ndani ya mtumbwi yalikuwa yamefika kwenye mapaja. Kopo la kukumbia maji lilikuwa linaelea nyuma kabisa. Hakulifikia.

Muda gani ulipita hakujua. Ukungu uliingiwa na mwanga wa manjano, maana yake jua limepanda. Kisha akasikia mashine.

Ilikuja, ikazimwa. Ikawashwa tena, karibu zaidi, ikazimwa. Mtu alikuwa anatafuta kwa kusikiliza.

"Huku!" Kashindye alipaza sauti. "Huku, jamani! Huku!"

Mtumbwi ulijitokeza kwenye weupe, na aliyesimama nyuma yake, mkono kwenye mashine, alikuwa Malimi.

Hakusema shikamoo.

Alizima mashine, akauacha mtumbwi ujisogeze wenyewe mpaka hatua tano hivi, akausimamisha kwa kafi. Akatazama. Aliutazama mkono, kamba, damu, maji yaliyojaa. Uso wake haukusema kitu. Hofu mpya ilimpanda Kashindye juu ya ile ya zamani. Hapa hapakuwa na mashahidi. Kijana huyu angeweza kuwasha mashine na kuondoka tu, wala asingekuwa ameua mtu. Angekuwa amechelewa kufika, basi.

"Elias kanipigia," Malimi alisema hatimaye. "Alisema mimi ndiye ninayetega karibu na Yange. Kweli. Natega huku kwa sababu kule kwenu naitwa mwizi."

"Malimi..."

"Subiri, mzee. Nimekaa muda kabla ya kuwasha mashine. Nataka ujue. Sikuja mbio."

"Nimejua."

"Nilijisemea, acha sheria yake imtunze."

Kamba ilikaza, Kashindye alilia, kichwa chake kikagonga ukingo. Malimi alitema mate majini, upande wa pili, akaitukana dunia kwa Kisukuma, na kafi lake likapiga maji.

"Kisu!" Kashindye alihema mitumbwi ilipogusana. "Kata, mwanangu. Kata."

"Kisu gani? Changu kiko kwenye sanduku lako."

"Hukununua kingine?"

"Ninunue kingine uniite mwizi mara ya pili?" Malimi alikuwa ameshainama, anaipima kamba kwa macho. "Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Malimi alimtazama. Kitu kama kicheko kilimtoka puani, kifupi na kibaya.

"Basi tuko sawa mwenyekiti. Wavuvi wawili, mikono mitatu, visu sifuri."

Hakungoja jibu. Aliusukuma mtumbwi wake ukapita mbele ya ule wa mzee, akalala kifudifudi, mikono yote miwili ikaingia majini mpaka mabegani, akaishika kamba chini ya ule mkono uliotobolewa. Mishipa ya shingo ilimsimama kama mizizi. Aliivuta kamba juu, shubiri moja, mbili, akaikandamiza kwa goti, akavuta tena, akaizungusha kwenye ubao mnene wa kukalia, mizunguko miwili, mitatu. Ubao ulilia lakini haukuvunjika.

Mkono wa Kashindye ukalegea. Uzito wote ulikuwa umehamia kwenye mtumbwi wa Malimi. Mzee alilia kama mtoto, kwa nafuu tu.

"Bado," Malimi alisema. "Usinililie bado. Samaki akivunja ubao huu tunarudi kulekule."

Alivukia kwenye mtumbwi wa mzee, akajaribu kufungua fundo la kikamba cha ndoano. Lilikuwa limevimba kwa maji na kukazwa na uzito wa samaki, gumu kama kokwa. Kucha zake mbili ziling'oka nusu. Ndipo alipopiga magoti, akakileta kile kiganja chenye damu kinywani kwake, akaanza kutafuna nailoni.

Kashindye alihisi pumzi yake ya moto kwenye jeraha. Alisikia meno yakisaga, krr, krr, karibu sana na nyama. Mitumbwi yote miwili ilikuwa inakwenda sasa, ubavu kwa ubavu, ikigongana. Halafu ukungu ulipasuka mbele yao, akayaona mawe. Mawe ya Yange, meusi, yamepakwa choo cha ndege, na maji yakiyapiga chini kwa povu. Yule wa chini alikuwa anarudi kwake, na kwake kulikuwa kwenye mapango ya mawe yale.

"Malimi, mawe."

Krr, krr.

"Malimi! Mawe!"

"Nyamaza," Malimi alisema bila kuachia, maneno yakipita kwenye damu.

Kabla ya mawe, samaki alipanda. Labda maji yalipungua kina, labda alitaka kuona ni nani. Aliibuka hatua kumi hivi, kwanza mgongo, pezi lake la miiba likiwa limesimama, kisha kichwa kikubwa kama ngoma. Jicho moja liliwatazama. Lilikuwa la dhahabu, kama taa ya gari iliyobaki inawaka mtu akiwa ameshatoka. Halikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Kashindye kuliko yote, kwamba halikuwa na hasira hata kidogo.

Nailoni ilikatika kinywani mwa Malimi. Mkono ulikuwa huru, na ndoano ndani yake.

Malimi alirukia mtumbwi wake, akashika kamba pale ilipozungushwa kwenye ubao. Midomo yake ilikuwa imepasuka, kidevu chekundu. Alimtazama yule samaki, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukawa wa mvuvi.

"Amechoka, mzee," alinong'ona. "Huyu kwetu hajawahi kuonekana. Wewe shika kafi kwa mkono mmoja utuepushe na mawe. Tumvute?"

Kashindye alikuwa amemngoja samaki huyu miaka hamsini. Aliota juu yake, alidanganya juu yake kilabuni, alimpa jina. Na sasa alikuwa hapo, kichwa juu, mbele ya mtu mwenye mikono.

"Mwache."

"Mzee!"

"Mwache, nasema. Naogopa."

Neno hilo hakuwa amewahi kulisema mbele ya mwanamume mwenzake. Malimi alimkodolea macho kama mtu aliyesikia jiwe likiongea. Kisha akafungua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kamba iliruka ukingoni. Dumu, lililokuwa bado miguuni mwa Kashindye, likafuata, likampiga goti, likaenda.

Malimi aliwasha mashine. Mawe yalipita kushoto kwao, karibu kiasi kwamba wangeweza kuyagusa kwa kafi.

Malimi aliuburuta mtumbwi wa mzee nyuma ya wake, na mzee alikaa mbele ya Malimi, mkono ukiwa umefungwa kwa shati la kijana. Alikuwa anatetemeka. Alijaribu kuuzuia mwili, haukumsikiliza. Mara moja tu njia nzima Malimi alisema, "Egemea hapa usianguke," akamsogezea galoni la mafuta.

Ukungu ulikuwa umeisha walipofika Nyabusalu. Mwalo ulikuwa umechangamka, wanawake wakianika dagaa kwenye chanja, wapagazi wakipakia barafu. Dorotea, mchuuzi wa samaki mwenye sauti inayofika Sengerema bila feri, ndiye aliyewaona kwanza. Aliona mwenyekiti akiwa amelowa damu mpaka kiunoni. Aliona Malimi, hana shati, midomo imepasuka, damu kidevuni.

"Uuuwi! Njooni muone! Malimi kamfanya nini mzee?"

Watu waliacha walichoshika.

"Amempiga!"

"Walikutana huko ziwani peke yao!"

"Mwizi hakosi kuwa muuaji, nilisema mimi!"

Wanaume wanne waliingia majini mpaka magotini, na mmoja alikuwa ameshika kasia kama rungu. Malimi alizima mashine. Hakujitetea. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, macho chini, kama mtu anayesubiri basi analolijua. Kashindye alimwona anavyokaa, akaelewa kwamba alikaa hivyohivyo siku ile ya kreti la soda, na kwamba alijua mambo yangekuwa hivi tangu alipowasha mashine.

Woga wa asubuhi ulikuwa haujaisha. Na mwingine, wa Malimi, ulikuwa hapa mbele ya macho yake, na huu aliutengeneza yeye.

"Kaeni mbali naye!" Sauti ilimtoka ikikwaruza. Akasimama ndani ya mtumbwi, akayumba, Malimi akamshika kiuno asianguke, na watu wakasimama. "Wewe, shusha hilo kasia. Mmeona nini? Damu hii ni yangu, na iliyo mdomoni mwake ni yangu pia, amenitafunia kamba kwa meno. Kwa meno, Dorotea! Kwa sababu mimi nilimnyang'anya kisu."

Maji yalikuwa yanalamba miguu ya wale wanaume wanne.

"Mzee, kwanza zahanati," Dorotea alisema, sauti yake imekuwa ndogo. "Mkono umevimba. Maneno baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimepona, na nikipona nitakuwa na kiburi." Alimgeukia Malimi, ambaye bado alikuwa amemshika, wakawa uso kwa uso, karibu kama walivyokuwa kule. Kashindye alikuwa anatetemeka bado, na hakuficha. "Malimi, nisikilize na hawa wasikie. Sikukukuta na bondo. Nilijua siku ileile kwamba sikukukuta na bondo. Jumamosi kuna mkutano. Nitasimama mahali palepale nilipokuita mwizi, na nitasema kwamba mimi ndiye niliyekuibia, nilikuibia jina. Karatasi ile ya ukutani nitaibandua kwa mkono huu huu, hata kama utakuwa umebaki na vidole viwili. Nakuahidi, mwanangu. Nakuahidi mbele yao."